Nyumba yako Malindi na moto: mwongozo kamili wa mwenye nyumba, kuanzia makuti mpaka mtungi wa gesi

Ndugu zangu wa Malindi, kaskazi ishaingia, makuti yamekauka ukiyagusa yanalia kama karatasi, na ndo maana naandika hii sasa hivi nisingoje. Mimi nimesimama barabarani Maweni usiku nikiangalia paa la jirani likiisha. Tangu tuone moshi hadi boriti ya kwanza kuanguka sidhani kama dakika kumi zilifika. Mama mwenye nyumba alitoka na watoto wake wawili kwa sababu moja tu, ufunguo wa grili ya mbele ulikuwa unaning'inia kwenye msumari pale pale mlangoni, manake mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli na ufunguo wake mpaka leo haujulikani uko wapi. Gari la zimamoto lilikuja na vijana wakafanya kazi yao vizuri, lakini walipofika kazi iliyobaki ilikuwa kuokoa nyumba za pembeni.

Kwa hivyo kabla hujasoma hatua yoyote weka hili kichwani, zile dakika za mwanzo ni zako wewe na jirani zako. Gari likikufikia limekuta ulichotayarisha, na kama hukutayarisha kitu hakuna kitu. Kila hatua hapa chini ni ya kununua dakika.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba yako na daftari

Chagua jioni moja, alasiri ikishaswaliwa, toka nje usimame getini kama vile wewe ni dereva wa zimamoto ambaye hajawahi kufika kwako. Lori lile lina upana wa karibu mita mbili na nusu na kimo kinapita mita tatu, je litapita? Huku kwetu watu wengi wameweka tao la makuti juu ya geti au bogenvila imefunga njia yote, inapendeza kweli lakini lori haliingii. Angalia kama kuna rundo la mawe ya kujengea au mchanga wa fundi barabarani, gari bovu limeegeshwa, waya wa umeme umelegea chini. Ukikaa Shella au Kisumu Ndogo ambako ni vichochoro, lori halitakufikia kabisa, kwa hivyo unachopima ni urefu wa mpira wa maji kutoka pale lori linaposimama mpaka mlangoni kwako, hesabu hatua uandike.

Alafu angalia upepo. Hili watu hawalifikirii. Kaskazi, kuanzia kama Disemba mpaka Machi, unavuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo cheche za jirani aliye upande huo zinakuja kwako. Kusi ikigeuka ni wewe unayemtumia mwenzako cheche. Andika ni nani yuko upande gani, huyo ndo mtu wa kuongea naye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya pili: paa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu Malindi bila makuti si Malindi, na makuti ndo yanatumaliza. Elewa kwanza yanavyoungua. Kuti limekunjwa kwenye kijiti na kushonwa, moja juu ya lingine kama magamba ya samaki, na katikati kuna hewa. Moto ukishika unapanda kwa ndani na kwa nje wakati mmoja, unaenda kwenye kilele halafu unateremka upande wa pili. Na paa hilo limetengenezwa kumwaga maji, hiyo ndo kazi yake, kwa hivyo ukisimama nje ukarusha ndoo maji yanateremka tu juu juu na moto uko chini ya magamba unaendelea. Nimeona wanaume wazima wakirusha ndoo arobaini namna hiyo na hakuna lililosaidika. Maji ya paa la makuti yanapigwa kwa ndani kwenda juu, au yanamwagiwa lile paa ambalo BADO halijashika ili lisishike.

Ya kufanya sasa ni haya. Ng'oa makuti yaliyooza na yale majani makavu ya mnazi na mvinje yaliyolala juu ya paa, hayo ndo yanapokea cheche kwanza. Kata matawi yanayogusa paa. Kama nyumba ni ya kujenga upya acha nafasi ya kweli kati ya paa lako na la jirani, usibane plot mpaka mwisho ati ardhi ni ghali, na kama jiko liko nje liezeke mabati hata kama nyumba nzima ni makuti. Kuna dawa ya kupulizia makuti isishike haraka, inasaidia, lakini nyingi zinaoshwa na mvua ya masika, kwa hivyo muulize anayekuuzia inarudiwa kila baada ya muda gani na akuandikie kwenye risiti, mtu asikwambie imepigwa mara moja basi. Na ukinunua makuti yaliyotiwa dawa chukua kipande kimoja, kipeleke uwanjani mbali na nyumba, kiwashe kiberiti uone mwenyewe.

Jingine la makuti ni upembo. Ule mti mrefu wenye ndoano wa kuangulia maembe, weka mmoja madhubuti nyuma ya nyumba pamoja na panga. Moto ukiwa kwa jirani na unakuja, vijana wawili wakivuta makuti ya ukingo ulio karibu na moto wakaacha pengo, mara nyingi nyumba inapona. Wazee wetu walifanya hivyo na bado inafanya kazi.

Mafundi wa kuchomelea vyuma ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Fundi anakuja kurekebisha grili chini ya paa la makuti, cheche zinaruka hamzioni mchana kwa jua, anamaliza anaondoka saa kumi na jioni mnasikia harufu. Usikubali kuchomelewa chini ya makuti, ng'oa hiyo grili ipelekwe karakana, na ikishindikana kabisa basi maji yamwagwe paa kwanza, mtu mmoja asimame na mpira wa maji tangu mwanzo na abaki saa moja nzima baada ya fundi kuondoka. Fataki za mwaka mpya na za harusi ni vile vile, Disemba ndo makuti yanakauka na ndo watu wanarusha fataki, ongea na jirani mapema kwa upole kabla ya usiku wenyewe.

Hatua ya tatu: umeme

Umeme wetu ni volti 240 na chumvi ya bahari inakula kila kitu. Fungua kifuniko cha soketi iliyo upande wa baharini (zima meni kwanza, yani swichi kuu ya nyumba) utaona ule ukungu wa kijani kwenye skrubu, hapo waya umelegea, ukilegea unapata moto, ukipata moto plastiki inayeyuka. Soketi ambayo plagi yake inakuwa ya moto mkononi, au imefanya rangi ya kahawia, au taa inacheza cheza ukiwasha pasi, hiyo si ya kungoja mwisho wa mwezi.

Tafuta fundi mwenye lisensi ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, mwambie akuonyeshe kadi, hiyo si dharau na fundi wa kweli haoni ubaya. Mwambie aangalie mambo haya: nyaya za soketi ziwe za milimita za mraba mbili na nusu, za taa moja na nusu, hita ya shawa iwe na waya wake mnene peke yake na breka yake peke yake, yani ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Breka ikiwa inaruka kila mara usibadilishe uweke kubwa zaidi, breka inakwambia waya umezidiwa, ukiweka kubwa umemnyamazisha mlinzi na mwizi yuko ndani. Na akuwekee ile ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, inaokoa maisha hasa bafuni. Nyaya zinazopita kwenye makuti au juu ya boriti zote ziingie kwenye paipu, panya wanazitafuna kule juu na wewe huoni.

Ekstensheni moja haibebi friji, pasi na birika la umeme. Na umeme ukipotea zima pasi na jiko la umeme kwenye soketi, kwa sababu watu wanasahau wanaenda kulala umeme unarudi saa nane usiku na pasi iko juu ya kanzu. Simu na betri za solar usichaji juu ya godoro. Waya ukianguka nje au nguzo inatoa cheche usiguse, pigia Kenya Power 97771.

Hatua ya nne: jikoni

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni kama maji na inakaa kwenye kona na chini ya kabati ikingoja cheche. Ndo maana dirisha la juu pekee halitoshi, lazima kuwe na tundu au mlango chini. Mtungi usimame wima siku zote. Kama unaweza, utoe nje ya ukuta kwenye kivuli penye hewa na mpira upite ukutani ndani ya kijipaipu, lakini si chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Ukibadilisha mtungi, hivi ndo unavyofanya. Zima moto wote kwanza pamoja na jiko la makaa na koroboi. Angalia siili ya mtungi mpya kama haijavunjwa, muuzaji aupime kwenye mizani mbele yako na ulinganishe na uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa pale juu, mtungi wa kilo 6 uwe na kilo 6 za gesi juu ya huo. Funga regyuleta mpaka usikie imeingia, kisha chukua sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo kwenye kikombe, koroga mpaka povu, paka kwenye maungio yote kwa kidole au sifongo, fungua gesi bila kuwasha jiko, alafu inama uangalie. Povu likikua kama jicho la chura hapo panavuja. Usijaribu kwa kiberiti, wallahi kuna watu bado wanajaribu kwa kiberiti. Mpira ukiwa mgumu au una nyufa ukiukunja, badilisha, ni bei ndogo.

Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala USIZIME swichi yoyote, kuzima pia kunatoa cheche. Funga mtungi, fungua milango, toa watu, simu upige ukiwa nje.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, mahamri yamo ndani na sufuria inawaka, funika na sinia au mfuniko, zima gesi, uondoke uiache ipoe. Usimwagie maji hata tone, maji yakigusa yale mafuta yanageuka mvuke mara moja na kurusha moto mpaka kwenye paa. Usibebe sufuria inayowaka kwenda nayo nje. Sinia la kufunikia likae karibu na jiko muda wote unapokaanga, si kabatini.

Jiko la makaa lisilale ndani na watu hata kukiwa na baridi ya kusi, ile hewa yake inaua bila harufu. Majivu yamwagwe maji kabla ya kutupwa. Na petroli ya bodaboda haikai jikoni wala uvunguni.

Hatua ya tano: vyumba vya kulala

Moshi unaua kabla ya moto. Hapa shida yetu kubwa ni grili, tumejifungia wezi nje na sisi tukajifungia ndani. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, na ufunguo uning'inie kwenye msumari ule ule siku zote, mahali mtoto anafika lakini mkono wa mwizi kutoka dirishani haufiki. Mfundishe mtoto kufungua gizani macho yamefungwa, fanyeni kama mchezo, mimi wangu wa miaka saba anafungua haraka kuliko mimi.

Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe kwenye sahani ya udongo mbali na neti na pazia. Mshumaa usimame ndani ya bakuli lenye maji au mchanga. King'ora cha moshi cha betri kinauzwa madukani, weka kwenye dari ya korido inayoelekea vyumbani, kwenye baraza la makuti lililo wazi hakina maana kubwa kwa sababu moshi unapotea, jaribu kile kitufe kila mwezi.

Hatua ya sita: maji na vifaa

Kuna kosa moja nimeliona nyumba nyingi za Casuarina. Bwawa liko, kisima kiko, pampu ni ya umeme. Moto ukianza mojawapo ya mambo ya mwanzo ni kuzima meni, na meni ikizimwa pampu imekufa, umebaki na maji mengi usiyoweza kuyafikisha paani. Kwa hivyo tangi likae juu ya mnara lijae muda wote, na mpira wa maji unaofika kila kona uwe umeshafungwa kwenye bomba lake, si umekunjwa stoo. Mwenye bwawa anunue kijipampu cha petroli na akiwashe kila mwezi.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 mmoja jikoni karibu na MLANGO, usiuweke juu ya jiko kwa sababu huko ndo utakakoshindwa kuufikia. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, ukaguliwe kila mwaka na tarehe iandikwe. Kutumia: vuta pini, elekeza chini kwenye mzizi wa moto, minya, fagia kulia na kushoto, ukisimama hatua mbili tatu nyuma na mlango uko mgongoni kwako. Unamalizika kwa sekunde kama 15 hadi 20 hivi, hauna muda wa kujaribu jaribu. Ndoo mbili za mchanga mkavu nazo zisidharauliwe.

Hatua ya saba: sheria na kaunti

Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hivyo sisi wa Malindi mambo yetu ni Kaunti ya Kilifi. Kwa mwenye nyumba ya kuishi kinachokuhusu zaidi ni ruhusa ya ujenzi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka upate kibali cha kaunti kabla ya kujenga, na hapo ndo umbali kati ya majengo na njia ya gari vinaangaliwa, ukijenga kimya kimya unaweza kuamriwa usimame au urudishe kama ilivyokuwa. Kugeuza nyumba kuwa gesti nako kunahitaji kibali kipya cha matumizi.

Na hapo kwenye gesti mambo yanabadilika. Ukiajiri watu, nyumba yako ni mahali pa kazi na kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinakugusa, yani ukaguzi wa moto kila mwaka, mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka, na watu waliofundishwa kuzima. Watu wa zimamoto wa kaunti wakija kukagua wape chai, waulize maswali yote, ni wataalamu wamekuja mpaka nyumbani kwako. Waulize wanapojazia maji karibu na mtaa wako na wanapitia njia gani.

Wa kuchoma shamba au takataka, kuna Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, usiwashe ukauacha peke yake, na kaskazi ikivuma usiwashe kabisa. Na kwa bima, paa la makuti liandikwe makuti kwenye fomu, ukificha utanyimwa siku ya shida.

Hatua ya nane: majirani na simu

Andikeni kwenye karatasi na kubandika nyuma ya mlango: 999, 112, Msalaba Mwekundu 1199, na namba ya moja kwa moja ya kituo cha zimamoto cha Malindi, nenda kituoni uichukue mwenyewe na uipige kuhakikisha inashika. Chini yake andika maelekezo ya nyumba yako kama utakavyoyasema, kwa sababu ukiwa na hofu utasema "hapa kwetu" na mtu wa upande wa pili hajui kwenu. Andika jina la barabara, msikiti au shule iliyo karibu, geti la rangi gani. Kijana mmoja wa mtaa awe ndo wa kukimbia barabara kuu kulingoja gari na kuliongoza, mpangeni sasa.

Moto ukitokea

Piga kelele ya moto, toa watu, funga milango nyuma yako isipite hewa, zima meni ukiweza kuifikia bila kupita moshi, piga simu, alafu ndo mtungi wa kuzimia moto na maji, na hiyo ni kama moto bado uko chini ya kimo cha kiuno chako. Ukishafika kwenye makuti acha nyumba, nenda kaokoe paa la pili. Kwenye moshi tambaa, hewa safi iko chini. Nguo za mtu zikishika moto, mlaze chini umviringishe au umfunike na blanketi zito, asikimbie. Aliyeungua mpoze kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila mafuta, kisha hospitali. Na hesabuni watu mahali mlipokubaliana, chini ya mwembe wa nje kwa mfano, ili mtu asirudi ndani kumtafuta aliyeshatoka.

Moto ukizimwa usiku huo msilale wote. Makuti na boriti vinafukuta ndani mpaka alfajiri, na upepo wa asubuhi unaamsha tena, kwa hivyo pangeni zamu ya watu wawili wawili na mpira wa maji, wavute kila rundo la majivu kwa upembo na kulilowesha mpaka ukiweka mkono chini hakuna joto.